Mstari Ninaoufuta Asubuhi

Rochester, Minnesota
9 Februari

Shemeji Orrin,

Sisi hatujambo. Theluji imeziba mlango wa gereji, na zile soseji za kulungu ulizotuletea zinakaribia kwisha. Kaka yako Harlan bado anakwenda kazini, meza yake imepakana na yangu kama zamani, na bado anawafokea wenzetu: "Tangazeni kwanza, jamani! Jina la kipande, kinapokea nini, kinarudisha nini. Hesabu zenyewe baadaye!" Ndivyo tunavyoandika programu za kompyuta: kila kipande hutangazwa kwanza kwa mstari mmoja, na kwa miaka thelathini Harlan hajawahi kukosea hapo.

Shemeji, sasa anakosea. Tangu Novemba amekitangaza kipande kilekile mara nne, cha kupima uzito wa magunia ya chakula cha ng'ombe, kila mara akidhani ndiyo mara ya kwanza. Kompyuta haikubali jina moja kutangazwa mara mbili, inagoma. Kwa hiyo nafika mapema kabla ya wengine, nafuta mstari wa ziada, nauacha ule wa kwanza mbali juu ya faili, asikotazama tena.

Jana, faili ikiwa wazi mbele yake, aliniuliza, "Lorna, nani anafuta mstari wangu?"

"Hakuna, mpenzi. Hujauandika bado."

"Afadhali," akacheka. "Nilidhani nimeanza kuchanganyikiwa."

Akakaa, akauandika tena, herufi kwa herufi, bila kosa hata moja.

Njoo kabla ya Pasaka, usingoje kiangazi. Jina lako bado analitaja. Langu, leo asubuhi, alilitafuta kwanza kichwani, ndipo akaniita.

Shemeji yako,
Lorna