Kufagia Mtaa wa Chini

Mdogo wangu wa tumbo moja,

Pokea salamu zangu kabla ya neno lingine lolote. Hujambo wewe, na goti lako, na huyo mzee wako anayekoroma? Wajukuu wamekua? Mimi mzima, nakula, na ulimi wangu bado una makali. Anayeshika kalamu ni mpangaji wangu, fundi cherehani. Nimemwambia aandike ninavyosema, asiyapige pasi maneno yangu.

Habari za kisiwa ni kwamba amekuja binti mmoja kutoka bara, mpole, anataka kuchora ramani ya Mtaa wa Chini kabla sisi tunaoukumbuka hatujaisha. Itatundikwa kwenye ghala la zamani la forodha, watoto waione. Aliuliza nani anajua kila mlango ulikuwa wapi, na watu wote wakanyoosha vidole kwangu. Sikukataa. Unanijua, sifa nazitafuna kama karanga.

Nikamsimulia kuwa bahari haikuja kwa fujo. Ilikuja kama mgeni anayesogeza kiti chake kidogo kidogo, hadi unashtuka amekaa katikati ya chumba. Ilianza kulamba ngazi za mwoka mikate, tukamcheka kwamba sasa hana haja ya kununua chumvi. Ikaingia kwenye kibanda cha kinyozi, akawa ananyoa watu miguu yao imo majini. Halafu tukahama, nyumba moja baada ya nyingine, kila mtu akang'oa mlango wake na kuupandisha kilimani mgongoni. Ukitazama kwa mbali ungesema milango inatembea yenyewe. Nikamwambia pia kuwa wewe hukupanda kilima, ulipanda boti na mumeo, nami nikakuita mtoro mbele ya mtaa mzima. Binti akacheka, akaandika.

Tulichoanza baada ya wewe kuondoka ni kufagia. Mwezi ukiwa mpevu maji hupwa mbali sana na sakafu zetu zikatokea. Basi kila mmoja hushuka na ufagio nyumbani kwake, kutoa mchanga na mwani. Maji yakijaa yanarudisha vyote, lakini hakuna anayelisema hilo. Wala huingii kwa mtu bila hodi, ingawa ukuta wenyewe haufiki gotini. Kwa mwoka mikate, tanuri limejaa visamaki vinavyozunguka na kumetameta kama moto bado umo. Kioo cha kinyozi kilipotea zamani, ila pamebaki dimbwi palepale, naye hujitazama humo akijipapasa kidevu. Jua likipanda, mtaa wote unang'aa kama sahani iliyooshwa, na sauti zinapita chini chini, hujui ni jirani anaita au ni maji yanapenya kwenye mawe.

Sasa nisikilize vizuri. Nimezunguka, lakini nimefika.

Juzi tulishuka pamoja na binti wa ramani. Nikaingia kwetu, nikafagia chumba cha mama huku nikimweleza: hapa kitanda, hapa ndoo, hapa ndipo ulipozaliwa wewe, mama akimtukana mkunga. Akachora yote, akaenda kwa wengine. Mimi nikaketi kizingitini. Nikamsikia mama uani, anasuuza vyombo, ananiambia nisiondoke mpaka aniite. Nikakaa. Maji yakaanza kurudi, yakanifika miguuni, nikaona ni mama tu amemwaga ya kuoshea vyombo. Sikuogopa, mdogo wangu. Ilikuwa tamu. Nilikuwa msichana, na wewe umelala mgongoni kwangu, unapumua shingoni.

Yaliponifika kifuani, kinyozi alinishika kwapani akaniburuta hadi kwenye ngazi za mawe, akinitukana kwa mapenzi yake yote. Kisha akachuchumaa mbele yangu. Akaniuliza taratibu nilikuwa nafanya nini kwenye chumba cha mama yake.

Mama yake. Kwetu ni nyumba inayofuata. Nimezaliwa humo, nimelelewa humo, nimeolewa nikitokea humo, na nimeipita nikaenda kufagia kwa watu.

Nimemwambia binti afute alichochora, nikasingizia jua la machoni. Kinyozi ameapa hatasema. Lakini si mara ya kwanza. Fundi hapa ameacha kuandika, ananitazama. Andika, fundi. Anajua kwamba siku ile aliponiletea chai nilimwita mdogo wangu, nikamuuliza amerudi lini na mbona hakutuma habari.

Kwa hiyo nakuomba. Neno hilo hujawahi kulisikia kwangu, basi lisikie leo. Nipe chumba kwako. Wanangu watanipokea, nawajua, ila nikisema uongo kuhusu nyumba ya mama watanikubalia kwa heshima, na hiyo heshima ndiyo itakayonimaliza. Wewe utanikatalia. Hakuna mwingine aliyebaki anayejua nikikosea. Nataka mtu wa kuniambia, hapana dada, dirisha lilikuwa kushoto, acha ubishi.

Njoo unichukue mwenyewe. Usimtume mjukuu, nitamfukuza. Nitakuwa gatini na mzigo wangu. Ukinikuta nikakuuliza wewe ni nani, usilie mbele za watu. Nishike mkono tu, unipandishe botini, majibu utanipa njiani.

Wasalimie wote walio chini ya paa lako, wakubwa kwa wadogo, hata yule mkweo asiyependa kusalimiwa. Fundi naye anakusalimu. Anafuta macho kwa kitambaa cha mteja, na mteja ni mkali.

Ni mimi niliyekubeba,
Dada yako.