Mrehani na Kuti Bichi

Jumamosi, 3 Oktoba 1970
Mume wangu Sleyum karudi jangwani kwenye kazi ya mafuta, mpaka mwisho wa mwezi. Kaniachia kitabu cha kupanga maua Kijapani — mke wa injinia wao anahama, alikuwa anakitupa. Ati kinipotezee wakati. Wakati nnao tele, wallahi! Miezi miwili hapa Darsait kwa Waarabu na hapana jirani aliyenigongea mlango. Unguja chai haiishi kikombeni bila ya mtu kupiga hodi.

Jumatatu, 5 Oktoba
Vijiti vitatu tu: kirefu mbingu, cha kati mtu, kifupi ardhi. Basi! Sie tumezoea vikuba vya asumini na mkadi mpaka nyumba nzima inukie. Wajapani wanataka pabaki patupu. Patupu napo nnapo, humu ndani mote.
Vijiti huchomekwa kwenye misumari chini ya maji. Nimegongomea misumari kwenye ubao, nikaukandamiza kwa mawe bakulini. Kidole kimevimba.

Ijumaa, 9 Oktoba
Nimekata tawi la mhina ndani ya maji, kama kitabu kisemavyo. Limeanguka. Tena — limeanguka. Nikalia. Mtu mzima, nalilia kijiti!
Masouda wa nyumba ya pili nilimsalimu kisimani jana. Kaitikia, kashika njia. Nyuma yangu wenziwe wakacheka Kiarabu changu. Kwao mie Zinjibari tu, mtu wa Unguja.

Jumapili, 11 Oktoba
Limesimama! Hapana wa kumwonyesha.

Jumatano, 14 Oktoba
Ya leo kali.
Asubuhi nilikaa uani kupanga, mlango wazi. Mhina umeisha, nikatumia kuti bichi la mtende na mrehani. Kitabu chasema usinene neno mpaka umalize, moyo utulie. Mara Masouda kachungulia, katoa salamu. Lo, siku zote hizo, kaja leo! Na mie kijiti cha mwisho mkononi — sikuitikia. Kalitazama bakuli, kanitazama mie, katoka mbio. Nikasema nishamuudhi, basi tena.
Alasiri mlango ukajaa wanawake. Kimya kimya, na kahawa, na tende. Masouda kanikumbatia: adhama Llahu ajrik, ya ukhti. Taazia, ya kumpa pole mfiwa! Ndipo nikafahamu. Kuti bichi na mrehani, vitu vya kuweka juu ya kaburi, na mie nimevikalia mbele sijibu hata salamu!
Nilitaka kusema hakufa mtu. Wallahi nilitaka. Lakini kanilaza kichwa begani kwake, na mie sijaguswa na mtu tangu Sleyum aondoke. Nikalia kwa sauti, sijui nalilia nini. Wakalia na wao. Hapana aliyeuliza nani kafa. Bibi Nasriya, mamake Masouda, kanisomea, kanipangusa uso kwa shela yake.
Wamekwenda kusali magharibi. Matanga siku tatu, wanasema, na hawataniacha peke yangu. Kesho Masouda ataniletea uji mapema. Lazima nimwambie, kabla uongo haujakomaa. Nitamwambia.
Nimefagia uani. Nimetandika na mkeka wa pili.