Mimi na Wifi, Basi au Mguu

Jumatatu, 7 Machi
Wametangaza mabasi yanarudi kujaza viti vyote. Pale karakanani mafundi wameacha cherehani, wanashangilia. Mimi nimenuna — na nitamwambia nani? Tangu corona iingie nakwenda kazini kwa mguu na wifi yangu, dada wa mume wangu, tunashona karakana moja. Mabasi yalibeba nusu ya abiria, yakituacha kituoni. Basi tukatembea, yeye ng'ambo ile ya barabara, mimi ng'ambo hii, tunapaza sauti ndani ya barakoa. Hadi muuza magazeti anajua mume wangu anakoroma. Kabla ya hapo tulisalimiana kwa lazima tu. Wifi alikuwa moto wa kuotea mbali. Sasa nikikosa umbea wake asubuhi, siku haisogei. Akirudi kwenye basi, nimempoteza.

Jumanne, 8 Machi
Nimemkuta kituoni kavaa viatu vya visigino. Nikajua huyu hatembei tena. Nikasema haya, tupande — nisije nikaonekana namng'ang'ania. Basi limejaa pomoni. Yeye mbele, mimi nyuma, kwapa la mtu usoni. Hatukusemeshana. Yale yale ya zamani.

Jumatano, 9 Machi
Basi tena. Wifi macho dirishani.
Jioni nimemfokea mume wangu eti kaacha taa inawaka. Kauliza nina nini. Nikasema dada yako kanichoka. Akacheka, nusura nimrushie mwiko. Kumbe jana dada yake alimpigia simu kulalamika: mkeo kachoka kutembea nami, kalirukia basi hata hakuniuliza. Na vile visigino? Raba zake zimeachia soli, ziko kwa fundi viatu. Jamani! Nimecheka hadi nikakaa chini. Nimefurahi mno, sijui hata niandikeje.

Alhamisi, 10 Machi
Naandika haraka. Leo wifi kaja na ndala za mumewe, kubwa kama mitumbwi. Basi likasimama, kondakta akasema viti vipo, mama zangu. Nikamwambia wifi tangulia. Naye: tangulia wewe. Kondakta akachoka na sisi, basi likaondoka. Tumetembea pamoja, ubavu kwa ubavu, bila barakoa. Ana mwanya! Miaka yote hiyo sikuuona.
Tumechelewa vibaya. Msimamizi anatuita ofisini, sote wawili, na uso wake hauna mzaha. Wifi yuko mlangoni ananisubiri. Anasema tuzungukie uani, njia ndefu ya kufika ofisini, bado hajamaliza kunisimulia.