Unga chini ya dirisha

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, mwanangu. Huku Kigombe tu wazima, na shangazi yako kajifungua mapacha!

Umeniuliza kuhusu sungusungu weusi na unga wa mbao chini ya dirisha lako. Nami nilipokuwa bibi harusi wa siku tatu, niliona unga kama huo mlangoni. Nikagonga fremu, ikalia tupu. Niliogopa kuonekana mgeni mwenye kulalamika, lakini nikamwambia mavyaa wangu, mama yake babu yako. Babu yako akaibandua fremu, sungusungu wakamwagika! Bati lilikuwa likivuja, mbao zimelowa, na sungusungu hao hupenda kutoboa mbao zilizolowa. Tukaziba bati, tukatia fremu kavu.

Nawe gonga mbao, kisha tafuta panapovuja.

Mavyaa alipiga vigelegele: "Tumeoa fundi!" Siku hiyo ndipo nilipojiona mwenyeji.

Akupendaye,
Bibi Mwanakombo