Nyumba Yangu ya Gachoka Nisiyoijua

Jumatatu, 3 Machi
Nimesahihisha insha za darasa la sita mpaka vidole vikafa ganzi. Mvua imevuja tena juu ya kitanda. Miaka kumi na tisa ya kupanga chumba hapa Maua! Wakili amepiga simu: karatasi za nyumba ninayonunua Embu ziko karibu kuwa tayari. Ni ya kwanza maishani, tena ya mradi wa serikali, kwa hivyo sitalipa ushuru wa stempu, ule wa kuhamisha hati. Nimemshukuru Mungu kwa sauti.

Alhamisi, 6 Machi
Embu. Wakili amenigeuzia kompyuta. Eti tayari nina nyumba. Gachoka, ya mawe, hati ina jina langu na nambari ya kitambulisho changu. Kwa hivyo hii ni ya pili, na ushuru nalipa wote. Mimi! Gachoka nimepita tu barabarani. Hata chai imenishinda.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekumbuka. Ni Mutwiri, kaka yangu. Miaka saba iliyopita alinijia shuleni na fomu, akasema ni za udhamini wa chama chake. Nikatia sahihi juu ya boneti ya pikapu yake, kengele ikilia. Sikusoma. Mimi ninayewapigia watoto kelele wasome swali kwanza!

Nimempigia simu. Amecheka. "Ni jina tu, sister. Ningeandika langu au la Kathure, si siku moja angenifukuza huko?"

Kathure ni mke wake. Anampalilia shamba la Laare na kumlelea watoto wanne. Hajui kuna nyumba. Nimekata simu.

Jumapili, 9 Machi
Mama amenivuta kando baada ya kanisa. Amesema nilipe, ninyamaze, nisivunje boma la watu. Mutwiri akaongeza kwamba mwalimu hakosi loan. Hata pole hakusema. Nimewachukia wote wawili, na nguo za kanisa bado mwilini.

Jumatano, 12 Machi
Wakili hana njia. Hata nikiitoa leo ile ya Gachoka, nimeshawahi kumiliki nyumba. Nitakopa, nitalipa.

Nikauliza swali moja zaidi. Nyumba ya Gachoka, mwenye kuamua ni nani? Ni wewe peke yako, akasema. Nikamwambia aandike karatasi nyingine.

Jumamosi, 15 Machi
Laare. Nimemwambia Kathure yote, jikoni kwake. Hakulia. Alisoma kila ukurasa wa karatasi za kumhamishia nyumba, kisha akaniuliza atie sahihi wapi.

Jumamosi, 14 Juni
Mutwiri hapokei simu zangu. Leo nimeenda Gachoka na Kathure. Ameizunguka nyumba polepole, hati yake ikiwa kwenye kikapu, akigusa kuta. Akauliza kama mbaazi humea huku. Nikamwambia zinamea sana.