Mwaka wa Boga Lisilo na Chumvi

Mwaka mmoja umetimia sasa, Baba, tangu ulipofunika sufuria ya boga, ukapunguza moto, ukaketi kwenye kigoda chako cha jikoni kusubiri liive, na hukuinuka tena.

Wengine katika siku kama hii husema machozi hayajakauka. Sisi tukwambie ukweli, maana uongo ulikuwa ukiunusa tangu mlangoni. Hatukulia sana. Tuliitikia pole za watu, tukapanga viti, tukatafuta vikombe vya kuazima kwa majirani. Ganzi ilitushika mapema, kama mguu uliokaliwa vibaya, na mguu huohuo tumeutembelea mwaka mzima. Leo tunakuletea habari za nyumbani, kwa sababu ulikuwa hupati usingizi ukiachiwa habari nusu.

Wasiokujua wajue hivi. Ulikuwa kinyozi. Kibanda chako kilipakana ukuta na jiko letu, na ukuta huo uliutoboa mlango ambao Mama aliupinga mpaka ulipokwisha kupakwa rangi. Mama alikuwa, na bado ni, mfuaji wa mashuka hospitalini. Anatoka alfajiri, anarudi jioni vidole vimekunjamana kwa maji. Ukasema mtu aliyeshinda kwenye mashuka ya wagonjwa mia hawezi kurudi akasimama tena kwenye sufuria ya watu watano. Ukajifunga taulo la kunyolea kiunoni, ukaanza kupika. Mtaa ukasema yake, kwamba umelishwa kitu. Ukawajibu kuwa ndiyo, umelishwa miaka mingi, na sasa ni zamu yako kulisha.

Mwalimu mkuu wa shule ya jirani aliwahi kukaa kwenye benchi nusu saa, kichwa upande mmoja kimenyolewa na upande wa pili ni msitu, kwa sababu ulisikia maharage yanafurika ukamwacha. Alipochoka kungoja alikufuata jikoni vilevile alivyo. Ukampa bakuli. Tangu siku hiyo akawa haji kunyoa ila saa za maharage.

Hukupika makubwa. Ulipika kilichopo, na kilichopo ulikitaka kiwe na wakati wake. Mvua za kwanza, mchicha na majani machanga ya maboga, unayachuna uzi mmoja mmoja huku ukitueleza nani kahama kwa nani. Kisha kunde mbichi. Kisha mahindi, kisha nyanya, zile wiki tatu ambazo kila kitu ndani ya nyumba kilikuwa chekundu mpaka vidole. Mwisho wa mavuno, maboga. Mtu akikuomba mahindi mabichi katikati ya kiangazi ulimtazama kama mteja aliyekaa kitini akakuagiza umnyoe mwenzake. "Si wakati wake," unasema, na mjadala umekwisha.

Kwa Mama Mizani, muuza mboga wa kona, jina lako lilikuwa Ukucha. Ulikuwa hununui boga bila kulikandamiza ukucha wa dole gumba. Ukizama, bado changa, unalirudisha. Ukigoma, unalibeba. Mama Mizani alilalamika kila msimu kwamba maboga yake yote yana alama kama yameng'atwa na panya mwenye jino moja, nawe ukamjibu kwamba huyo panya ndiye anayemsaidia kuuza, maana wateja wote waliyataka yale ambayo hayakuingia jino.

Na chumvi ilikuwa yako. Hili tulitaje polepole. Mama siku zake za mapumziko alimenya na kukata, sisi tuliosha vyombo, lakini chumvi hakuna aliyeigusa. Ilikaa kwenye kopo la bati, kwenye rafu ya juu kabisa, pale mkono wako tu ulipofika. "Chumvi mwisho," ulisema, "na mkono mmoja." Dada Mkubwa alipokuja kutembea mara ya kwanza baada ya kuolewa, alijisahau akapanda kwenye kiti kulifuata kopo. Ukamwambia taratibu, mbele ya mumewe, kwamba ana nyumba yake sasa, akatie chumvi huko.

Siku ile, basi. Mama alirudi akakuta nyumba imejaa watu na wewe umeshalazwa chumbani. Aliingia kukuona. Alikaa humo kiasi. Alipotoka akaenda jikoni, akafunua sufuria, akachoma boga kwa uma. Lilikuwa limeiva. Akaliipua, akatafuta mabakuli, akawapa waliokuwepo, kila mmoja kipande. Watu wakapokea kwa mikono miwili, wakala wakitazama sakafu. Hakuna aliyesema neno juu ya chakula, na nani angesema, siku kama ile?

Tangu hapo ikawa boga. Tukimuuliza Mama tupike nini leo, anasema boga, kama mtu anayetaja saa. Anapika mwenyewe. Anamenya, anakata, anafunika, anapunguza moto, halafu anasimama kando ya kigoda chako mpaka liive. Hakikaliwi. Hakuna aliyekataza.

Msimu ukapita. Mama Mizani akamwambia hakuna tena maboga, Mama akashukuru, akapanda basi mpaka soko la mbali. Akaanza kutuletea yale yenye ngozi laini, yaliyovunwa kabla ya siku zao, ambayo wewe ungeyaita maji yaliyovaa koti. Sufuriani yaliyeyuka. Jioni nyingine hatukuhitaji meno. Mchicha ulikuja ukaondoka, kunde zikaja zikaondoka, nyanya zilikaa pale kona zinapasuka kwa wingi, nasi tukizipita na boga letu mkononi.

Mwezi wa pili baada yako, Mama Mizani akaona hatupiti tena kibandani kwake, akatufuata. Alileta mafungu manne ya mchicha. Mama akayapokea, akayaweka juu ya kabati, na huko yalikauka. Mgeni akakaribishwa mezani. Akala kijiko kimoja, akatutazama mmoja mmoja, akala cha pili kwa heshima. Alipoondoka, Kaka alimsindikiza mpaka mlangoni. Kaka ndiye sasa mwenye kiti chako cha kunyolea. Aliacha udereva wa lori, na mkono wake si mbaya, ila wateja wanasema hana maneno. Mama Mizani akamuuliza chini chini kama ni daktari aliyetukataza chumvi.

Kaka hakumwelewa. Alirudi mezani akaonja, akamwambia Kitindamimba aonje. Miezi miwili, Baba. Tulikuwa tumekula boga lisilo na hata chembe ya chumvi kwa miezi miwili, watu wazima wenye ndimi zetu, na hakuna aliyegundua. Kopo lako lilikuwa palepale juu, na vumbi lake.

Jumapili tulikutana kibandani kwako, sisi watoto wako watatu na shemeji yetu, mume wa Dada Mkubwa, ambao tangu msiba walikuwa wakija kula nasi jioni. Dada Mkubwa, ambaye unamjua hawezi kukaa na jambo, alitaka Mama aambiwe siku hiyohiyo. Kaka alikuwa anafuta kioo. Akafuta mpaka tukadhani hakusikia.

"Tumwambie nini?" akasema. "Kwamba mumewe hajatia chumvi?"

Basi hatukumwambia. Kitindamimba akajaza chumvi kwenye kiberiti kitupu, akawa anakuja nacho mezani mfukoni. Tulipitishiana chini ya meza kama watu wa magendo, huyu akinyunyiza na yule akikohoa kufunika mlio. Shemeji alikohoa sana mpaka akaambiwa apime kifua. Ungecheka. Lakini Mama alikuwa ameketi mbele yetu macho yake yakitutazama, na hakuona chochote, na kila jioni mchezo ule ukazidi kutukaa vibaya. Ingekuwa heri angetufumania.

Maana Mama alikuwa anaisha. Sare yake ya kazini ilipunguzwa kiunoni mara mbili na washonaji wa hospitali. Aliwahi kuweka kinywani kipande kilichotoka motoni, akatafuna, akameza, na asubuhi yake tukaona ulimi umebabuka. Tulipomuuliza akasema hajui. Mpenzi wako wa mashuka akaanza kuyakunja mabichi. Msimamizi wake akampeleka kwa daktari palepale kazini, wakampima kila kinachopimika, hawakuona ugonjwa. Dada Mkubwa aliporudi na majibu alisema anakula, lakini ni kama anamlisha mtu mwingine. Tunasema wazi sasa: tuliogopa kwamba tangazo hili la kumbukumbu tungeliandika la watu wawili.

Maboga yalipoanza kuingia tena mwezi huu, hatukutazamia lolote. Boga kwetu lilikuwa boga. Mama Mizani ndiye aliyekuja, jioni, amelikumbatia moja kifuani kama mtoto anayepelekwa kliniki, kikonyo chake kimekauka kikawa kama kipande cha kuni. Akamwambia Mama kwamba ameyakandamiza thelathini kwa ukucha wake mwenyewe mpaka kidole kimemuuma, na hili ndilo Ukucha angelibeba.

Mama akalichukua. Akaliweka mezani, akalizungusha, na tukamwona akiweka dole gumba juu yake na kukandamiza. Ukucha haukuzama. Akakandamiza tena, akautazama ukucha wake ulivyopinda. Kisha akachukua kisu.

Tukala wote, na Mama Mizani akiwemo, maana alikataa kuondoka. Kiberiti kilikuwa kimeshamfikia Shemeji, na Shemeji ameshakohoa, kinarudi kwa Kitindamimba, Mama alipoacha kutafuna.

"Hili halina chumvi," akasema.

Kitindamimba alibaki na mkono hewani. Mama akatutazama, na safari hii alituona; tulijua kwa jinsi tulivyotaka kuinamisha nyuso.

"Nani kapika?"

"Wewe, Mama," Kaka akasema.

"Na nyinyi mnakula tu?"

"Tunakula."

"Tangu lini?"

Mama Mizani akajifanya kutafuta mbegu kwenye bakuli lake. Mwishowe ni Kitindamimba aliyesema kwa sauti ndogo, "Tangu Baba."

Mama akanyoosha mkono apewe kile kiberiti. Akakitikisa sikioni, akakirudisha mezani bila kukifungua. Akainuka, akaenda jikoni, nasi tukamfuata mpaka mlangoni tukasongamana kama watu wanaochungulia ugomvi wa jirani. Akakivuta kigoda chako. Akakipanda kwa miguu yote miwili. Hakuna uzito uliokuwa umekigusa kwa mwaka, kikalia, nasi tukashtuka, yeye hakushtuka. Akaliteremsha kopo, akapuliza vumbi, akafungua. Chumvi ilikuwa imeshikana ikawa jiwe.

Akaivunja kwa mpini wa mwiko. Ilimchukua muda. Kisha akachota mkono mmoja, akautazama. Mkono wake ni mdogo kuliko wako. Akafikiri, akachota tena kidogo kwa ncha za vidole, akaitia yote sufuriani, akakoroga, akafunika, na akaketi kwenye kigoda kusubiri ikolee.

Ilizidi, Baba. Tulikula kwa shida, tukinywa maji kila tonge. Mama alionja yake, uso ukajikunja, akasema imezidi. Kaka akasema kidogo tu. Mama Mizani, ambaye hajawahi kuficha neno tangu azaliwe, akasema si kidogo. Mama akaendelea kula mpaka akamaliza, na akaongeza.

Hatutaki kukudanganya kwamba tumepona. Usiku ule hakuna aliyelia wala aliyecheka sana. Ila wewe unajua mguu wenye ganzi unavyokuwa unapoanza kuamka, zile sindano, jinsi mtu anavyotamani usiguswe. Tuko hapo. Asubuhi Mama alipokuwa anatoka kwenda kazini alisimama kwa Mama Mizani akamuuliza maboga yakiisha kinafuata nini, kwa sababu miaka yote ile mpangilio ulikuwa kichwani mwako na yeye alikuwa akila tu. Akaambiwa viazi vitamu. Amesema tutakula viazi vitamu.

Kopo halikurudi rafu ya juu. Liko mezani, kila mtu analifikia.

Anakukumbuka mkeo, ambaye mkono wake sasa umeanza kuzoea kipimo. Wanakukumbuka wanao, Dada Mkubwa na mumewe mwenye kikohozi kilichopona ghafla, Kaka kwenye kiti chako, na Kitindamimba na kiberiti chake. Anakukumbuka dada yako, shangazi yetu, anayekuulizia kila akipiga simu kisha anajikumbusha. Wanakukumbuka wajukuu wawili, ambao mmoja wao hukumwona na ana paji lako la uso. Anakukumbuka Mama Mizani, anayesema maboga yake yanasikitisha kwa kukosa alama. Anakukumbuka mwalimu mkuu, na wote waliokaa kwenye benchi lako na vichwa nusu.

Kila kitu na wakati wake, ndivyo ulivyotulea. Wewe, Baba, tutakukumbuka hata nje ya msimu.