Muziki Unasubiri Sebuleni

Kwa kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo wewe, na mafriji ya watu unayoyatengeneza hayajambo? Natumaini barua hii itakukuta na afya njema, na mgongo umeacha kukusumbua, maana Mama analalamika kwamba ukiulizwa habari za mgongo unajibu habari za mvua. Sisi huku ni wazima. Baba amepata miwani mpya na sasa anatusomea gazeti kwa sauti, hata matangazo ya viwanja. Mama anakusalimu na anauliza kama unakula. Nilimwahidi nitauliza, basi nimeuliza.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu simu ilitushinda sisi wawili zamani: wewe maneno yanakukwama, mimi yananiishia. Lakini leo ninayo mengi mpaka naona kalamu inanichelewesha.

Unajua kwamba maktaba ya shule ikifungwa huwa nahamia chumba cha muziki, kwa kuwa kiko jirani na hakuna mtu. Nilikuwa nakaa na kitabu changu kando ya kile kinanda kikubwa chenye sauti moja iliyokufa. Kukaa kukawa kugusagusa, na kugusagusa kukawa kujifunza nota kutoka kwenye vitabu vya kabatini. Sasa muhula huu shule inaonyesha mchezo wa kuigiza wenye nyimbo tangu mwanzo hadi mwisho. Ni habari ya fundi saa mmoja: saa zote za mji zinasimama siku moja, na watu wote wanamlaumu yeye. Mwalimu wa muziki, ambaye tunamwita Madamu Nota kwa siri, ingawa nadhani siri hiyo anaijua, alinikuta pale kinandani. Nilidhani nimepatikana na kosa. Akaniwekea karatasi ya nota, nikaipiga, naye akaniambia kwamba mchezo unahitaji mtu wa kuongoza muziki, na safari hii anataka awe mwanafunzi.

Nilimwambia amekosea mtu. Nilimkumbusha kwamba mwalimu wa historia aliwahi kuniandika sipo darasani nikiwa nimeketi mbele yake. Alinijibu kwamba hayo ni matatizo ya macho ya mwalimu wa historia, na kwamba tunaanza Jumatatu.

Kaka, nilikuwa nadhani kuongoza muziki ni kupunga mikono. Kumbe kwenye mchezo kama huu mikono yangu yote miwili iko kwenye kinanda, kwa hiyo naongoza kwa kichwa. Nikiinua kidevu, wapigaji wanavuta pumzi, nikikishusha, tunaanza. Mpiga ngoma wetu, jina lake la utani Kishindo, aliniuliza siku ya kwanza kama nina kifafa au nafanya kama mjusi aliyekaa juani. Wote walicheka, na mimi nilitamani kuingia ndani ya kinanda nijifunike. Lakini kesho yake nilimwambia, kwa sauti ambayo nilidhani ni kubwa, kwamba mjusi huyo ndiye atakayemwambia lini aanze. Aliniomba nirudie kwa sababu hakusikia. Nikarudia. Tangu hapo ananiita Bosi Mjusi na hajakosea kuanza hata mara moja.

Nimejifunza mambo ambayo vitabu haviyataji. Nimejifunza kuuimba mwendo wa wimbo kichwani kabla ya kuinua kidevu, maana ukianza haraka kwa sababu ya woga, wacheza dansi wote watateseka kwa woga wako. Nimejifunza kuandika kwa penseli tu, kwa sababu sauti za watu hubadilika. Yule anayeigiza fundi saa, kijana mrefu tunayemwita Twiga, sauti yake ilianza kuwa nzito ya kiume katikati ya mazoezi, na nota za juu zikawa zinamtoka kama mlango usiotiwa mafuta. Ilibidi niushushe wimbo wake mkubwa wote, nota kwa nota, sehemu ya kila mpigaji. Nilimaliza Jumapili jioni na vidole vyeusi. Twiga aliuimba Jumatatu bila kujua nimeubadilisha, akajisifu kwamba sauti yake imepona. Nikamwacha ajisifu. Nilikuwa na furaha mpaka nikasahau kula, na hilo usimwambie Mama.

Ila kulikuwa na jambo moja lililonishinda. Wimbo huo mkubwa unaanza na kipande kifupi cha muziki kinachozungukazunguka papo hapo. Madamu anakiita sebule. Anasema muziki unakaa sebuleni kama mgeni mstaarabu mpaka mwenyeji atoke chumbani. Mwenyeji ni mwigizaji. Twiga anapaswa kuitundika saa ukutani, kugeuka, kutazama watu, kisha kuimba. Karatasi inasema kipande kirudiwe, na mimi nilikirudia kama karatasi ilivyosema, nikaendelea mbele. Twiga alikuwa bado ana saa mkononi. Aliufukuza wimbo kama mtu anayekimbiza kofia iliyochukuliwa na upepo. Tulirudia zoezi hilo siku baada ya siku, na kila siku nilimwacha, kwa sababu macho yangu hayakutoka kwenye karatasi. Unanijua. Kumtazama mtu usoni kwangu ni kazi ngumu kuliko mtihani wa hesabu.

Madamu aliniita pembeni. Hakuwa mkali. Alisema nota nazisoma bila kuruka hata moja (nikamkumbuka Baba na gazeti lake), lakini watu siwasomi kabisa, na mwimbaji akipotea jukwaani hakuna karatasi itakayomrudisha. Akasema kwamba kama kwenye zoezi la mwisho, lile la mavazi kamili, bado sitainua macho, basi siku za maonyesho atakaa yeye kwenye kiti na mimi nitamfungulia kurasa. Kaka, sijawahi kukitaka kitu kama nilivyokitaka kiti kile. Ni kiti kibovu, mguu mmoja umewekewa kipande cha boksi. Lakini nilikitaka.

Zoezi la mavazi lilikuwa jana mchana, na madarasa ya chini yote yaliletwa kutazama. Mambo yalikwenda vizuri mpaka kwenye sebule. Twiga aliinua saa, na msumari ukang'oka. Saa ikaanguka ikagawanyika vipande viwili. Watoto wakaangua kicheko. Twiga aligeuka akiwa na nusu ya saa mkononi, akafungua mdomo, na hakikutoka kitu.

Nilijua wakati wa kurudia umekwisha. Kishindo alinikodolea macho akisubiri kidevu changu. Mwalimu wa maigizo alikuwa nyuma ya pazia akinizungushia mkono niendelee. Na mimi, sijui vipi, niliinua macho nikamtazama Twiga. Sikumtazama mdomo, nilimtazama kifua. Nikapunguza sauti ya kinanda, wenzangu nao wakapunguza, tukazunguka palepale, tukazunguka tena. Watoto walichoka kucheka wakanyamaza. Nikaona mabega ya Twiga yanashuka. Nikavuta pumzi kubwa ili anione, naye akavuta pamoja nami, nikashusha kidevu. Akaimba akiwa ameikumbatia ile nusu ya saa, na ule wimbo ambao siku zote ulikuwa wa kuchekesha kidogo ukawa na huzuni mpaka mpishi wa shule, aliyekuwa mlangoni, akavua kofia yake. Mwalimu wa maigizo ameamuru kwamba kuanzia sasa saa itaanguka kila siku.

Kiti ni changu, Kaka. Jumamosi naongoza mimi.

Sasa nifikie lililonifanya nikae kuandika. Baada ya zoezi Madamu aliniuliza nimejifunza wapi kusubiri namna ile, maana wengi wangemgongea Twiga nota kwa nguvu au wangemwimbia maneno yake. Nikamwambia ni mezani kwetu. Nilimweleza jinsi Mjomba alivyokuwa akikumalizia sentensi na kuzipeleka kusikokuwa kwako, ukataka chumvi ukapewa chai, nawe ukainywa. Nilimweleza kwamba mimi nilikaa mkabala nawe, na kwamba uliwahi kuniambia nisikutazame mdomo kwa sababu mdomo ukitazamwa unazidi kukwama. Kwa hiyo nilikuwa natazama kifua chako. Mabega yakishuka, nilijua neno linakuja. Miaka yote hiyo nilidhani nakula tu. Kumbe nilikuwa nasomea kazi, na mwalimu wangu ulikuwa wewe.

Najua sikukuomba ruhusa kuitoa habari yako nje ya nyumba, na kama nimekuudhi nisamehe. Madamu alisema angependa kukuona, nami nakuomba uje Jumamosi.

Najua pia hupendi mikusanyiko, ambako watu hukuuliza habari na kujijibu wenyewe. Nimekuwekea kiti cha pembeni karibu na mlango, na nimemwomba Kishindo akae kando yako kabla ya kuanza. Yeye huongea bila kuhitaji majibu. Mwalimu wa maigizo anasema mchezo haumngojei mtu. Hajui kwamba wimbo wa kufungulia nao una sebule yake, na anayeamua itakwisha lini ni mimi. Nitainua macho nitazame kile kiti, na sitashusha kidevu mpaka ukikalie. Usiharakishe njiani.

Baba na Mama wanakusalimu tena. Salamu zangu kwa fundi mwenzako na kwa yule paka wa karakana.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Konokono
(siku hizi Bosi Mjusi)